Anavuka Saa Kumi

Saksafoni iko chini ya kitanda changu, ndani ya mfuko nilioushona mwenyewe kwa mabaki ya mapazia. Kila Ijumaa naitoa, nafungua zipu, naiweka juu ya kiti karibu na dirisha ipate hewa, kama nilivyoagizwa. Kuipiga sijui. Naikalia pembeni kama mtu anayemuuguza mgonjwa, halafu naifunga naendelea na kazi zangu. Mume wangu ananiuliza hiyo ibada ni ya dini gani, nami namjibu aniache.

Mwenyewe aliiacha kwangu kwa sababu ya neno nililolitamka mimi, na hajui mpaka leo. Nimekaa na jambo hili karibu miaka miwili. Nimelisema kwenye swala, halikunitoka. Sasa naliandika.

Nilikuwa darasa la tano mama alipompangisha chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Ujiji, kile chenye kibaraza kinachoangalia ziwa. Alikuja na begi moja na sanduku jeusi refu. Mama alidhani ni bunduki. Akamsimamisha mlangoni, akamwambia afungue sanduku kabla hajavuka kizingiti. Alipoliona lile dude la rangi ya dhahabu limelala kwenye kitambaa chekundu, mama akasema, “Bora ingekuwa bunduki, ingekaa kimya.” Lakini alimpa ufunguo. Nadhani alimhurumia kwa jinsi alivyokuwa mwembamba.

Alikuwa mtu wa Kalemie, hapo ng'ambo, ambako milima yake tunaiona siku hewa ikiwa safi. Baba yake alikuwa mpakia mizigo bandarini. Kupuliza alijifunza shuleni kwa mapadri, kwenye bendi ya shule, na padri aliyewafundisha alikuwa na sahani za santuri za jazi kutoka Marekani. Siku hizo kila bendi ya dansi huku kwetu ilijiita jazi, hata ikiwa na magitaa matatu na manyanga basi. Yeye hakukubali hata siku moja. “Hiyo ni dansi,” alikuwa akisema. “Jazi ni pale unajua njia ya kwenu, na unapita ingine.” Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani anazungumzia barabara.

Habari ya kuja kwake nilisimuliwa na mama, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuigusa. Walikuwa vijana sita, wamealikwa kupiga muziki kwenye hoteli moja ya Kigoma wakati wa sikukuu. Katikati ya ziwa upepo ukageuka. Nahodha akaamuru mizigo itupwe. Spika zikaenda, magunia yakaenda, na ilipofika zamu ya ngoma mpiga ngoma wao akaikumbatia, ikaenda naye. Alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Yeye alifika Kigoma amebeba saksafoni kichwani kama ndoo ya maji. Hao watano waliobaki walipiga wiki nzima bila ngoma, maana lazima wale. Sikukuu ilipokwisha wakaenda bandarini warudi kwao. Yeye alikanyaga ubao wa kupandia boti mara tatu, na mara tatu mguu ulikataa. Wenzake wakaondoka.

Wengi wamehamia Kigoma kwa kukimbia vita, na tumewapokea, kuna waliorudi na kuna waliobaki tukaoana nao. Huyu alihamia kwetu kwa kuogopa kupanda boti. Barabara ya kuzunguka ziwa kupitia Burundi ilikuwa na matatizo yake wakati ule, na ilipotulia alikuwa keshazoea. Siku moja watu wa Mwamgongo walimtaka harusini kwao, kijiji cha hapo juu tu, boti inakwenda imeambaa na ufuko muda wote. Waliahidi hadi mbuzi. Alikataa. Aliwaambia kama wanataka muziki wake waihamishie harusi Ujiji.

Kazi alifanya. Alipuliza kwenye bendi za mjini miaka mingi, akapanda nazo treni hadi Tabora, hadi Dar es Salaam, na nilipoanza ufundi cherehani sokoni Mwanga ni mimi niliyewashonea sare, suti za bluu zenye kola nyekundu. Suruali yake ilikuwa lazima niipanue magotini kwa sababu alikunja miguu akipuliza. Halafu likaja disko, ukaja muziki wa kwenye flashi, na bendi zikafa moja moja. Akajiunga na kundi la matarumbeta. Mnawajua, wale wanaosimama nyuma ya pikapu mbele ya gari la maharusi, wanazunguka mji wakipiga wimbo uleule mpaka bibi harusi anasinzia. Yeye alikuwa anachomeka vitu vyake katikati, kidogo tu, pumzi mbili tatu, kisha anarudi kwenye wimbo. Mkubwa wa kundi alimgeukia na macho makali. Kamati za harusi zililalamika kwamba yule mzee anapoteza watu. Siku ya Pasaka alipuliza kanisani, na huko nako walimwomba asiongeze madoido.

Kwa hiyo muziki wake hasa aliupigia kibarazani kwetu. Saa kumi jioni alitoka na kiti chake, akalilowesha mdomoni lile tete jembamba linalotoa sauti, ambalo yeye aliliita ulimi. Ndimi za dukani hazikupatikana Kigoma. Alikwenda mwenyewe kukata matete ufukoni, akayakausha juu ya bati, akayakwangua kwa wembe na msasa mpaka yakawa mepesi kama ukucha. Mimi nilimpa vipande vya ngozi vya kuzibia matundu ya saksafoni. Akimaliza kutengeneza anafumba macho, anaangalia ziwa kwa kope, anapuliza. Hapo ukimsalimia hasikii. Ukimwambia nyumba inaungua hasikii. Na adhana ya magharibi ikikaribia anashusha, kila siku, bila saa. Mkristo yule hakuwahi hata mara moja kupuliza juu ya adhana.

Mama ndiye aliyeanza. Siku moja shangazi yangu alimsalimia mara mbili bila kujibiwa, akakasirika, na mama akasema kutoka jikoni, “Mwache huyo, kavuka.” Tukacheka sana, kwa sababu sote tulijua kwamba mtu asiyeweza kuvuka ni yeye. Basi neno likakaa. Mtaa mzima ukawa unauliza, “Mkongo yupo?” na anayejibu anasema, “Kavuka, atarudi magharibi.” Wenye maduka walisema hivyo, imamu alisema hivyo. Hata yeye alisema. “Leo nimevuka mbali, fundi,” ananiambia akifuta mdomo. Alipenda. Lilikuwa neno la nyumbani, la utani, tulimpa sisi na hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Mama alipofariki aliniachia nyumba na akaniachia maneno. Alisema chumba cha mbele kisipangishwe mtu mwingine yule mjomba akiwa hai. Tulimwita mjomba ana kwa ana, Mkongo akiwa hayupo. Nilikubali nikiwa nimemshika mkono.

Miaka yote hiyo aliishi kwa vibali. Kila kikikaribia kwisha anakosa usingizi, anavaa koti lake la bendi, anakwenda kupanga foleni. Kisha akasikia kwamba mtu aliyekaa muda mrefu, mwenye mwenendo mzuri, anaweza kuomba uraia wenyewe. Alichangamka kwa furaha. Alijaza karatasi zile kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, kwa herufi kubwa, akauliza kila neno mara mbili.

“Unautaka wa nini na uzee huu, Mjomba?” nilimtania.

Hakucheka. Alisema, “Mtu akiniuliza mi ni wa wapi, minaanza hadithi. Kalemie, boti, mpiga ngoma, mama yako. Nimechoka hadithi. Nataka nijibu neno moja, nikae.”

Walitaka shahidi, mkazi anayemjua, aende kuulizwa. Akanichagua mimi. Aliandika jina langu kwenye karatasi kisha akaligeuza anionyeshe, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema.

Nilikwenda ofisi ya uhamiaji Jumanne asubuhi, nimevaa baibui jipya. Ofisa alikuwa kijana mpole wa mikoa ya kusini, ana wiki tatu tu Kigoma. Alikuwa bado analalamikia vilima. Aliniuliza nimemjua mzee miaka mingapi, nikamwambia tangu darasa la tano. Aliniuliza tabia yake, nikamsifu mpaka akaniomba nipunguze mwendo aweze kuandika. Nilikuwa nimestarehe. Nilikuwa najisikia mtu muhimu, niseme ukweli, na mimi nikijisikia mtu muhimu mdomo wangu unakosa breki.

“Huwa anavuka kwenda upande wa pili?” akauliza.

Nikacheka. “Yule? Yule anavuka kila siku! Anavuka saa kumi, magharibi karudi.”

Sikufikiri. Lilinitoka kama linavyonitoka dukani, na nikangoja acheke. Mtu yeyote wa Kigoma angecheka. Mtu yeyote wa Kigoma anajua hakuna boti ya kwenda Kalemie na kurudi kati ya alasiri na magharibi, hata ikiwa na injini ya ndege. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa akaandika, na nikaiona kalamu ikienda polepole, ikiandika neno langu.

Nilifungua mdomo nimweleze. Wallahi niliufungua. Lakini aliinua uso kabla yangu na kusema, bila ubaya wowote, kama mtu anayepitisha muda, “Na wewe mama, asili yenu ni hapahapa?”

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Burundi. Aliolewa huku akiwa msichana, akamzaa mama huku, mama akanizaa huku, na kitambulisho changu nilikipata bila kuiba. Hakuna cha kuogopa na sikuwa na cha kuogopa. Lakini atakayesoma haya akiwa mtu wa kwetu anajua swali hilo linakoelekea. Tumeulizwa mno. Niliona mbele yangu nikiambiwa nimlete bibi, nimlete babu, nilete makaburi. Nikasema, “Hapahapa, wa Ujiji kabisa.” Nikasema haraka. Akanisogezea karatasi, nikasaini bila kuisoma, nikashukuru, nikatoka. Nje kulikuwa na jua zuri na nikanunua mihogo ya kukaanga.

Utani ule ningeweza kujisamehe. Ulimi uliteleza. Kisichonitoka ni ile mihogo. Niliila yote nikitembea, huku nikijiambia kwamba kijana atakuja kuelewa, kwamba watauliza wengine, kwamba nitarudi kesho. Jioni mjomba alinisubiri kibarazani na hakuwa amepuliza.

“Umesemaje?”

“Nimesema mazuri tu, Mjomba.”

Akashika saksafoni, akavuka.

Barua ilikuja baada ya miezi. Aliniletea sokoni kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mkono, na mbele ya wateja wawili akaniambia nimsomee kwa sauti. Nilisoma. Ilisema ombi limesitishwa kwa sasa. Ilimtaka alete uthibitisho wa kuzaliwa kutoka alikotoka, na aeleze, hivi ndivyo ilivyoandikwa, “safari zake za kila siku za kuvuka ziwa”.

Kwanza alidhani nimesoma vibaya. Kisha akacheka mpaka akashika cherehani. “Mimi? Kuvuka? Waulize Mwamgongo!” Wateja wakacheka naye. Kicheko kikamwisha polepole, nikamwona anafikiri. “Nani amewaambia hivi, fundi?”

Alikuwa ananitazama usoni, mzee niliyekua nikimwona. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kitambaa.

“Labda wamechanganya mafaili,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akakubali. Hilo la kukubali ndilo lililoniua. Hakuwa na shaka hata chembe. Alianza hata kumhurumia huyo mwingine, mwenye faili lililochanganywa, kwamba huenda naye anahangaika mahali.

Nilimwambia asubiri, tutaandika barua ya kupinga. Aliuliza tutaandika nini, nami nikababaika, maana barua ya kweli ilikuwa na mstari mmoja tu na nilikuwa siwezi kuuandika. Wiki zikapita. Akaamua mwenyewe. Cheti cha ubatizo kiko parokiani kwao, akasema, akikipata kwa mkono wake hawatamsumbua tena. Akaomba barua ya ruhusa ya safari, akapewa ya mpaka mmoja, kwa hiyo njia ya kuzunguka Burundi haikuwezekana. Ilibaki boti.

“Usiende, Mjomba,” nilimwambia. Nilikuwa nalia na yeye akadhani nalia kwa kuliogopa ziwa.

“Mama yako angesema hivyo hivyo.” Akanipa mfuko nilioushona, na saksafoni ndani. “Hii siipandishi tena mule. Iko haijui kuogelea. Uifungue kila Ijumaa, ipumue.”

Nilimsindikiza. Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia kama sinia, naye amevaa ile suruali ya bluu. Akakanyaga ubao. Mguu ukakataa. Akakanyaga tena. Nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma yake, na nilijua kwamba nikisema sentensi moja hatahitaji kupanda. “Ni mimi niliyewaambia, tukarekebishe.” Ni maneno machache, nimeyahesabu tangu siku ile. Mpakia mizigo mmoja akamshika kiwiko kwa upole, akamwambia, “Twende, mzee wangu, usiangalie chini,” na mara ya tatu mguu ulikubali.

Alifika salama, alhamdulillahi. Lakini parokia ilishapitiwa na vita na vitabu vya ubatizo vilishaungua. Walimwambia alete mashahidi waliomjua akiwa mtoto, na wote aliowataja wamekufa au wamehama. Barua yake ya ruhusa ikaisha muda akiwa huko huko. Sasa amekaa kwa mtoto wa dada yake, kwenye nyumba isiyo na kibaraza, na ananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya jirani.

“Fundi, shikamoo yako nimeisikia, marahaba. Mi niko. Huku banacheka namna yangu ya kusema. Batoto bananiita Mtanzania.” Anacheka kidogo, anakohoa. “Minakaa na hadithi tena, lakini sasa minaianzia upande huu. Saksafoni inapumua?”

Niliusikiliza ujumbe huo mara nyingi mno. Mtanzania. Kwetu alikuwa Mkongo zaidi ya miaka thelathini, na lile neno moja alilolitaka amekwenda kupewa na watoto wa Kalemie, kwa kumcheka.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilifunga duka na kwenda kule ofisini. Yule kijana amehamishwa. Nilimkuta binti, msichana wa Simbo, hapa jirani, namfahamu hata mama yake kwa sura. Nikaketi na kumwambia kabla hajaniuliza: andika kwanza kwamba bibi yangu alizaliwa Burundi. Akashangaa, akasema sikuulizwa hilo. Nikasema najua, andika. Kisha nikamweleza yote. Kibaraza, saa kumi, macho kufumba, mama yangu jikoni, “kavuka”, adhana. Kijana na kalamu yake, na mimi na saini yangu. Nilisema mpaka na habari ya mihogo, nikaishia hapo.

Binti alisikiliza hadi mwisho, na alipoelewa alicheka, kicheko kizuri cha mtu wa kwetu. Alisema kwao nyumbani wana babu wa namna hiyo, akishika redio yake ndiyo kaondoka. Alitafuta faili, akalipata, akalifuta vumbi. Akasoma ule mstari, akacheka tena na kutikisa kichwa, akasema hili linarekebishika kabisa, mama, wala si kubwa. Nitaandika maelezo yako, wewe utasaini, naye atasaini hapa chini, ombi litaendelea. Akageuza faili upande wangu, akaniwekea kidole mahali pa kusaini yeye.

“Mlete tu. Yuko wapi sasa hivi?”

Nikajibu lilivyokuwa.

“Amevuka.”

Binti akaangalia saa ya ukutani, bado anatabasamu. “Basi hamna shida,” akasema. “Akirudi magharibi mwambie aje kesho asubuhi.”